Rejeta ya kopa, ya alumini na plastiki, au ya alumini tupu: ipi iende kwenye gari lako?

Ukiingia kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au ya Kirinyaga Road, Nairobi, ukaulizia rejeta, hukai muda kabla hujaulizwa: "Unataka ya kopa au ya plastiki?" Siku hizi limeongezeka jibu la tatu, alumini tupu, ile inayong'aa kama sufuria mpya. Wengi huchagua kwa kauli waliyoikuta: kopa inapoza zaidi. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa chuma kikiwa peke yake mezani. Kwenye gari mambo ni mengine, na wapo wengi waliolipia chuma wakati tatizo lao halikuwa chuma.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Kila rejeta hapa chini inapimwa kwa mambo yaleyale: inapoza vipi ikiwa mpya na ikizeeka, uzito wake na inavyostahimili mtikisiko, inavyovumilia maji mabaya na kutu, inatengenezeka wapi na kwa nani, kisha inamfaa nani. Bei hatutaji kwa tarakimu kwa sababu hubadilika kila wiki, ila mpangilio wake haubadiliki sana: kwa gari dogo, alumini yenye tenki za plastiki ndiyo rahisi kuliko zote, na kopa na alumini tupu hupokezana nafasi ya juu kulingana na gari.

Kwanza hesabu ya joto

Rejeta inayoitwa ya kopa si kopa yote. Mapezi, yale majani membamba yaliyokunjwakunjwa, ndiyo ya kopa, yaani shaba nyekundu. Mirija inayopitisha maji na tenki za juu na chini ni za brasi, ile shaba ya njano ya kufuli na makoki ya bomba. Na vyote vimeshikizwa kwa risasi ya kulehemu. Kopa hupitisha joto la wati 400 hivi kwa mita kwa kila nyuzi moja. Alumini ya rejeta iko kati ya 160 na 200, brasi 110 hadi 120, na risasi ya kulehemu 40 hadi 50 tu. Kwa hiyo joto likitoka majini halikutani kwanza na kopa. Linaanza na brasi, linavuka risasi, ndipo linaifikia kopa.

Sasa chukua gari dogo la cc 1500 linalopanda mlima wa Kitonga, Iringa, likiwa na abiria wanne na mizigo. Injini inaweza kumwaga kwenye maji joto la kilowati 30 hivi. Pampu ikisukuma lita 60 kwa dakika, maji yataingia kwenye rejeta yakiwa na nyuzi 95 na kutoka na 88. Hiyo ndiyo kazi yote ya rejeta: kushusha nyuzi 7, mfululizo, bila kuchoka. Katika safari hiyo ya joto, ukuta wa mrija wa alumini wenye unene wa milimita 0.3 unakula chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Ukuta wa brasi wa milimita 0.13, vivyo hivyo. Geji ya dashibodi haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo hata kidogo. Lakini paka ndani ya mrija utando wa chokaa ya maji wa nusu milimita, unene wa kucha, na utando huo peke yake unakula zaidi ya nyuzi 10.

Kizuizi kikubwa kingine ni hewa. Maji hukabidhi joto kwa mrija kwa urahisi mkubwa; pezi kukabidhi joto kwa hewa ndiko kugumu, tena kwa makumi ya mara. Kinachoamua ni eneo la mapezi, upepo unaopita, na jinsi pezi lilivyoshikana na mrija. Hapo ndipo aina ya chuma inaporudi kwa mlango wa nyuma. Mirija ya brasi ni myembamba na laini, ikitanuliwa sana huvimba kwa presha, kwa hiyo hutengenezwa mifinyu na kupangwa safu mbili au tatu. Alumini ikiwa nene kidogo huruhusu mrija mpana, hivyo safu moja ya mirija mipana hugusa mapezi mengi kuliko safu mbili za mirija mifinyu. Tena kiini cha alumini, yaani mirija pamoja na mapezi yake, hupitishwa kwenye tanuri la karibu nyuzi 600 hadi pezi na mrija vinashikana kuwa kitu kimoja, bila risasi katikati. Ndiyo maana rejeta ya alumini iliyoundwa vizuri inaweza kuwa sawa na ya kopa au kuipita, na ya alumini iliyoundwa ovyo ikashindwa na zote.

Rejeta ya kopa na brasi

*Kupoza.* Ikiwa mpya haina shida. Kopa hupitisha joto hadi ncha ya pezi hata pezi likiwa jembamba kama karatasi. Tatizo lake huja na umri, tena kimyakimya. Risasi inayoshikiza pezi kwenye mrija huliwa, pezi linabaki limesimama palepale lakini haligusi kitu. Ukiitazama utasema ni nzima: haivuji, haijaziba, na bado gari linachemsha mlimani. Pitisha kidole taratibu juu ya mapezi. Yakicheza kama kurasa za daftari, au yakipukutika vumbi la kijani, kiini kimekwisha, na hakuna kusafisha kutakakokirudisha.

*Uzito na mtikisiko.* Ni nzito. Kopa ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, ingawa rejeta nzima haizidi kwa kiasi hicho kwa sababu kuta zake ni nyembamba. Uzito huo hupumzika kwenye mikono ya pembeni, na kwenye barabara ya makorongo mikono hiyo ndiyo hupasuka kwanza. Faida ni kwamba brasi hujipinda kabla ya kukatika, na mkono uliopasuka hulehemiwa hata kijijini.

*Maji na kutu.* Huvumilia maji ya ovyo kuliko alumini. Adui yake ni hewa ya chumvi: Tanga, Mombasa, Unguja, magari yanayolala karibu na bahari hupoteza mapezi kabla ya mirija. Ndani, angalia mahali mirija inapoingia kwenye sahani ya tenki. Unga mweupe uliojikusanya hapo ni risasi inayoliwa, na kuvuja kuko njiani. Kuwa makini na kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, za kisasa za maisha marefu zisizo na silikati. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya alumini na zinaweza kuisumbua risasi. Tafuta ile ambayo kopo lake limeandikwa kuwa inafaa kopa, brasi na risasi.

*Matengenezo.* Hapa hakuna anayeishinda. Fundi rejeta anaifungua tenki kwa moto, anapitisha bapa jembamba la chuma ndani ya kila mrija kutoa uchafu, anarudisha tenki kwa risasi, anaizamisha kwenye pipa la maji na kuipuliza kutafuta mapovu. Mambo matatu ya kumsimamia. Kwanza, dawa ya asidi anayopaka kabla ya risasi ioshwe kwa maji mengi. Ikibaki itakula brasi na utarudi kwake baada ya miezi michache. Pili, kila mrija anaouziba kwa risasi ni mrija uliokufa: kwenye rejeta ya mirija 40, kuziba miwili ni kupoteza asilimia 5 ya upoaji, na kuziba sita ni asilimia 15, kiasi cha kuliumiza gari mlimani. Tatu, presha ya kupimia isizidi sana ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wa gari. Kiini kikishakufa, kinaweza kubadilishwa na tenki za zamani zikabaki. Cha zamani ni mali yako: kopa ina soko zuri kwa wanunuzi wa skrepa, kwa hiyo ama uondoke nacho au kihesabiwe kwenye bei.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari la kazi linaloishi mbali na mji: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, lori la zamani, trekta, jenereta. Pia mwenye gari la zamani ambalo rejeta yake ya kiwandani ilikuwa ya kopa na ina nafasi ya kutosha mbele ya feni.

Rejeta ya alumini yenye tenki za plastiki

*Kupoza.* Hii ndiyo iliyo kwenye IST, Vitz, Noah, Probox, X-Trail na karibu kila gari dogo linaloshuka bandarini kutoka Japani. Ikiwa na ubora wa kiwandani inatosha kabisa. Wahandisi waliipima pamoja na feni na kava lake. Shida huanza wakati wa kubadilisha. Kwenye boksi za rejeta mbadala utaona herufi PA na namba: PA16, PA22, PA26. PA ni plastiki na alumini, namba ni unene wa kiini kwa milimita. Muuzaji atakushawishi kuwa PA26 ni bora daima. Si lazima. Kiini kinene huhitaji feni yenye nguvu ya kusukuma hewa hadi nyuma, maana hewa inayofika nyuma imeshapata joto mbele. Kwenye foleni ya Mbagala, feni dhaifu na kiini kinene havifanyi kazi ya maana. Kilicho muhimu zaidi kuliko namba: hesabu mapezi ndani ya inchi moja, uyalinganishe na rejeta ya zamani. Rejeta ya bei ya kutupa mara nyingi imepunguziwa mapezi, na hilo halionekani ukiwa umesimama mbali.

*Uzito na mtikisiko.* Ni nyepesi, na plastiki humeza mtikisiko vizuri ikiwa bado changa. Hukaa kwenye raba juu na chini. Raba zikichakaa au fundi akizitupa, kila shimo la barabarani hupiga moja kwa moja kwenye shingo la bomba la juu.

*Maji na kutu.* Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojitengeneza wenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi huutoboa utando huo, na tundu dogo kama la sindano hutokea kutoka ndani. Maji ya visima vya pwani na ya Dodoma yanajulikana kwa chumvichumvi. Kuyamimina humo ni kununua rejeta nyingine kwa mkopo. Nusu kulanti ya etilini glikoli na nusu maji yaliyoondolewa madini, au maji safi ya mvua ukikosa, ndicho kipimo cha kawaida. Kostiki soda isikaribie kabisa: huyeyusha alumini huku ukitazama.

*Matengenezo.* Hapa ndipo inapoumiza. Mirija yake kwa ndani ni mifinyu, milimita moja na kitu hadi mbili, haipitishiwi bapa. Ikiziba kwa chokaa unaweza kujaribu unga wa asidi ya ndimu, gramu 50 kwa lita ya maji, injini izunguke dakika 15 hadi 20 ikiwa ya moto, kisha kusuuza mpaka maji yatoke masafi. Ikigoma, badilisha. Tenki hushikwa na meno ya alumini yaliyokunjwa juu ya pete ya raba. Pete ikichoka inavuja pembeni, na fundi mzuri anaweza kufungua meno, kuweka pete mpya na kukunja tena, jino moja moja, kwa zamu kutoka upande mmoja hadi wa pili kama anavyokaza nati za tairi. Meno hayo hayavumilii kukunjwa mara nyingi. Tenki iliyopasuka kwenyewe, hasa penye shingo la bomba la juu, haina tiba. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani, isikufikishe Mwanza.

Plastiki hutoa taarifa kabla ya kufa. Nyeusi ikigeuka kahawia au ya rangi ya udongo, na ukucha ukiikwangua inatoa unga, maisha yamebaki machache. Hii ni muhimu zaidi kwa anayenunua rejeta ya mtumba iliyokatwa kwenye gari la Japani: kiini kinaweza kuwa kizima kabisa huku plastiki ikiwa imeshakula miaka 12 ya moto na baridi.

Kwa gari la gia otomatiki kuna jambo moja zaidi. Ndani ya tenki ya chini, au ya pembeni kwa rejeta za mlalo, hupita kipoza mafuta ya gia. Kikitoboka, maji na mafuta huchanganyika na gia inajaa uji wa rangi ya waridi. Ukiona uji huo kwenye kopo la akiba, usiendeshe hata mita 100. Rejeta ni rahisi, gia siyo. Na unaponunua, hakikisha hujapewa ya gia za mkono isiyo na matundu ya mafuta hayo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari dogo la mjini, la familia au la teksi mtandaoni, anayeweza kuweka kulanti kila mara na anayeishi penye duka la vipuri.

Rejeta ya alumini tupu

*Kupoza.* Tenki za alumini zimechomelewa kwenye kiini cha alumini. Tenki zenyewe haziongezi upoaji wa kuhesabika. Mwili mng'avu wa tenki ni sehemu ndogo mno ya eneo lote. Kinachoongeza ni kwamba watengenezaji wake huweka kiini kinene, cha milimita 40 hadi 56, na mirija mipana. Kwa dizeli ya tabo inayovuta trela, au injini iliyobadilishwa kuwa kubwa, faida ni ya kweli. Kwa IST ya kwenda kazini ni pambo la chini ya boneti.

*Uzito na mtikisiko.* Nyepesi kuliko ya kopa, ngumu kuliko zote. Ugumu huo ndio mtego. Haijipindi. Fremu ya gari ikijikunja kwenye makorongo, rejeta iliyofungwa kwa boliti pande zote nne bila raba hupasukia kwenye mshono, mara nyingi kwenye kona ya tenki au chini ya mkono wa kufungia. Ifungwe ielee: raba chini, raba juu, na iweze kucheza milimita mbili tatu.

*Maji na kutu.* Masharti ni yaleyale ya alumini na plastiki, pamoja na moja zaidi. Umeme unaopotea njia humaliza rejeta hii haraka, kwa kuwa mwili wote ni chuma na mara nyingi umegusa bodi. Waya wa hasi wa injini ukiwa umeoza, au feni ya ziada ikiwa imefungwa hasi yake kwenye rejeta yenyewe, umeme utatafuta njia kupitia maji. Kipimo chake ni rahisi. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, ncha nyekundu izame kwenye maji ya rejeta bila kugusa chuma. Injini ikiwa baridi na mfuniko wazi, msaidizi awashe taa, feni na kipupwe (AC) kimoja baada ya kingine, kisha apige stata. Ikizidi volti 0.1, tafuta kifaa kilichoipandisha ukatengeneze hasi yake kabla hujafunga rejeta mpya. Wengi wamebadilisha rejeta mbili tatu wakilaumu duka, kumbe ni waya mmoja.

*Matengenezo.* Inachomelewa, lakini si na kila mtu. Inahitaji mashine ya TIG na gesi ya agoni, na mkono uliozoea alumini nyembamba. Fundi wa geti na madirisha ataitoboa. Hata wa TIG akikaribia sana mahali mirija inapoingia kwenye sahani, joto huyeyusha maungio ya tanuri na kuvuja kunahamia mrija wa jirani. Uliza mapema kama mji wako una mtu huyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari linalofanya kazi kupita lilivyotoka kiwandani, au ambaye tenki za plastiki zimemkatikia mara kwa mara kwa sababu ya njia anazopita, na aliye tayari kufunga raba vizuri na kutunza kulanti.

Kabla hujailaumu rejeta

Kuna vitu vinavyochemsha gari hata ukifunga rejeta ya dhahabu. Cha kwanza ni kutolewa kwa themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata moto ili yapite kwenye rejeta. Ni desturi ya magereji mengi: "joto hili la Afrika halihitaji themostati." Kwenye injini nyingi za Toyota themostati ina sahani mbili, ya chini huziba njia ya mkato maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta kabisa, na gari linachemsha hasa likibeba mzigo. Weka themostati ya nyuzi zilezile za kiwandani, 82 kwa injini nyingi.

Cha pili ni mfuniko. Ule ulioandikwa 1.1 huongeza presha ya takribani baa 1.1 juu ya hewa ya nje, na maji matupu badala ya kuchemka kwa nyuzi 100 pwani huchemka karibu na 121. Nairobi na Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi, sufuria ya chai huchemka kwa nyuzi 94 au 95. Mfuniko mzima huipandisha hadi karibu 119. Mpira wake ukikatika, unarudi kwenye nyuzi za sufuria. Rejeta ya kopa ya zamani iliyoundwa kwa 0.9 usiipandishie 1.1, maungio ya risasi hayakupangiwa hiyo. Na mfuniko wowote usifunguliwe mpaka bomba la juu lishikike kwa kiganja bila kukuunguza.

Cha tatu ni uchafu kati ya rejeta na kondensa ya kipupwe. Mbele panaonekana pasafi, katikati kuna blanketi la vumbi, manyoya na wadudu. Legeza boliti za juu, sogeza rejeta nyuma kidogo, umulike kwa tochi. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikikaribia hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi upepo.

Kutofautisha rejeta iliyoziba na feni iliyochoka, tumia kipima joto cha mwanga, ile bastola ndogo. Gari likiwa limepata moto na themostati imefunguka, piga juu ya kiini chote kwa mistari. Madoa ya baridi katikati ya joto ni mirija iliyokufa. Kiini kikiwa na joto la kufanana kila mahali na geji bado inapanda gari likisimama, kisha inashuka likikimbia, angalia feni, klachi yake na kava lake. Kava lililopotea huifanya feni izungushe hewa ileile ya moto. Yai bichi, unga wa manjano na dawa za kuziba kwa ndani huziba kweli, ila haviulizi kama ni tundu au ni mrija mzima.

Uchague kwa hali yako

Gari dogo, safari za mjini, kipupwe kila siku: alumini na plastiki yenye unene wa kiwandani na mapezi yasiyopungua ya zamani. Badilisha na mfuniko na mabomba yaliyolegea siku hiyohiyo, na weka kulanti. Mpya ya kawaida ina maisha marefu kuliko mtumba halisi wa Japani wenye plastiki ya kahawia.

Gari la kazi Katavi, Turkana au ndani ya Kivu, ambako fundi wa karibu ana jiko la mkaa na fimbo ya risasi: kopa na brasi. Utabeba kilo za ziada, lakini utatengenezwa popote. Kama maji mazuri hayapatikani, uzito wa hoja hii huongezeka.

Unaishi ufukweni na gari hulala nje: kopa itapoteza mapezi mapema. Alumini, ya plastiki au tupu, ikiwa na kulanti ndani na kuoshwa chumvi kwa nje kila wiki, hudumu zaidi.

Unavuta trela, una tabo, au unapanda Sekenke na Kitonga kila wiki na mzigo kamili: alumini tupu yenye kiini kinene, mradi feni na kava vinaendana nayo, na kipimo cha volti kimefanyika. Kama gari lako linatumia feni ya mkanda na lilikuja na kopa, kiini kipya cha kopa cha safu moja zaidi kinaweza kufikia palepale, na fundi wa risasi unamjua tayari.

Gia otomatiki na rejeta ya zamani zaidi ya miaka 10: usisubiri ivuje. Ibadilishe, au fungia mafuta ya gia kipoza chake cha nje peke yake, na aina ya chuma uchague kwa mistari iliyo juu.

Gari unaliuza baada ya miezi sita na linavuja pembeni ya tenki tu: pete mpya ya raba na kukunjiwa meno vizuri kunatosha, na mwambie mnunuzi.